Nilichokisikia Kwenye Mkwaruzo wa Redio

Alikuja dukani kwangu Kabwe, Mbeya mjini, jioni moja ya mwezi wa pili, mvua inapiga bati hadi tukawa tunaongea kwa kupaza sauti. Simu alikuwa ameifunga kwenye pindo la khanga, fundo kama la hela ya nauli. Akalifungua taratibu, akaiweka mezani. Kioo kimesagika, kona moja imepinda, na kwenye tundu la chaji udongo mwekundu umekaukia humo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii si yangu. Ni ya kijana wangu."

Kijana alikuwa amefariki wiki tano nyuma, ajali ya barabarani. Alikuwa mwanakwaya, na kila walipofundishwa wimbo mpya alijirekodi kwenye simu, akajisikiliza, akafuta, akarudia. Mama hakuwa na shida ya picha. "Sura yake ninayo ukutani," aliniambia. "Sauti ndiyo inaniponyoka. Juzi nimeamka nikaitafuta kichwani, nikaikosa."

Nilikaa na simu ile siku tatu. Nilipofika kwenye memori, kile kipande cheusi kisichozidi ukucha wa kidole gumba, nilikuta ufa umepita kutoka kona hadi kona. Ufa wa hivyo hauungwi. Nilimweleza aliporudi, na nilijitahidi nisizungukezunguke. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akaniuliza swali lililonishughulisha miezi mitatu.

"Wewe si mtoto wa yule fundi redio wa Tukuyu? Baba yako ndiye aliyetutengenezea redio yetu, enzi hizo. Sauti haiozi, fundi. Imekwenda hewani tu. Huwezi kuitafuta huko huko hewani?"

Nilimwambia nitajaribu. Wengine watasema nilipaswa kukataa pale pale. Lakini nimekulia kwenye kibanda cha redio. Nimelala utotoni nikisikiliza mkwaruzo wa masafa mafupi, baba akizungusha kitufe polepole kutafuta idhaa ya Kiswahili kutoka ng'ambo, na mara nyingi nimeamini kuna mtu anaongea mule katikati ya stesheni na stesheni. Swali la yule mama nilikuwa nalo tangu nina miaka saba.

Na si mimi wala yeye tulioanza. Thomas Edison, aliyetuletea santuri na taa ya umeme, aliwaambia waandishi wa magazeti ya Marekani mwaka 1920 kwamba anashughulikia chombo ambacho waliotutoka, kama bado wapo mahali, wangeweza kukitumia kutufikia. Hakuna chombo kama hicho kilichopatikana baada ya kifo chake. Mwaka 1959 msanii wa Sweden, Friedrich Jürgenson, aliweka kinasa sauti karibu na nyumba yake ya shambani arekodi ndege. Aliporudisha tepu akasikia, pamoja na ndege, sauti ya mwanamume akizungumza juu ya ndege wa usiku. Aliendelea kurekodi, na baadaye akaamini amemsikia mama yake mzazi, ambaye alikwisha fariki, akimwita kwa jina la utotoni. Niliposoma habari hiyo niliiweka simu chini kwanza. Mtu aliyetoka kwenda kurekodi ndege, akarudi na mama yake.

Aliyemfuata alikuwa Konstantin Raudive, mtu wa Latvia aliyeishi Ujerumani, msomi wa saikolojia. Huyu alirekodi maelfu kwa maelfu ya vipande, akaandika kitabu mwaka 1968, na kifaa chake kimoja kilikuwa rahisi kiasi kwamba mtoto wa fundi redio angekitengeneza kwa dakika 20. Dayodi moja, waya mfupi wa sentimita chache kama antena, na mkondo unaoingia moja kwa moja kwenye tundu la maiki la kinasa sauti. Hakuna kitufe cha kutafutia stesheni. Unakiwasha, unauliza, unakaa kimya, kisha unarudisha tepu.

Dayodi niliipata kwenye kopo la baba. Mama yangu hajawahi kulitupa kopo lile, liko juu ya kabati pale Tukuyu, limejaa transista za miguu mitatu, rezista zenye mistari ya rangi, na skrubu za redio ambazo hazipo tena. Dayodi za zamani, zile za jerimaniamu, unazitambua kwa jicho: kigololi kirefu cha kioo kama punje ya mchele, na ukikiinua kwenye mwanga unaona ndani uzi mwembamba kama unywele umegusa kibonge kidogo. Uzi ule na kibonge kile, pale vinapogusana, ndipo redio inapogeuka kuwa sauti. Nilichomelea kwa risasi, mkono unatetemeka kidogo, maana pasi niliyotumia ni ile ile ya baba yenye mpini wa mti ulioungua.

Usiku wa kwanza nilikaa sebuleni kwa mama, saa tano, jenereta ya jirani imezimwa, Rungwe yote imelala. Nilisema jina la kijana yule. Nikangoja dakika moja. Nikarudisha tepu.

Kulikuwa na mtu.

Sauti ya mwanamume, nzito, ya kupanda na kushuka, inakuja na kuondoka kama inapeperushwa. Nywele zilinisimama. Nilisikiliza mara ya pili, ya tatu, na mara ya nne nikasikia watu wanaitikia kwa pamoja. Ilikuwa mahubiri, kwa lugha ya ng'ambo ya mpaka. Stesheni ya masafa ya kati. Mchana, tabaka la chini la anga, kilomita 60 hadi 90 hivi kutoka ardhini, likipigwa na jua hunyonya mawimbi ya masafa ya kati, kwa hiyo stesheni hazifiki mbali. Jua likizama tabaka lile hufifia, mawimbi yanapanda hadi tabaka la juu, yanarudishwa chini, na stesheni ya mamia ya kilomita inaingia ndani ya nyumba yako. Dayodi isiyo na kitufe cha kuchagulia haiwezi kukataa mgeni. Inapokea kila aliye na nguvu ya kutosha.

Basi nikaanza kazi ya kuwatoa wageni mmoja mmoja, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi kuliko kwenye miaka yangu yote ya kuchomelea simu. Kwanza ile "ti-ti-ti-ti" iliyokuja ghafla na kukatika: simu yangu mwenyewe mfukoni, ikipapasa mnara. Nikaizima. Kisha "kwa! kwa-kwa!" kavu kavu, hata anga likiwa na nyota. Hizo ni radi. Setilaiti zimehesabu miale ya radi duniani, ni kama 44 kila sekunde, na kila mmoja ni kituo cha redio kinachotangaza neno moja tu. Mashariki mwa Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi kuliko yote duniani. Sisi wa nyanda za juu tuko mlangoni kwake. Mtu anayesikiliza mkwaruzo akiwa Tukuyu anasikiliza ngurumo za Kongo.

Mwishowe nilikiweka kifaa chote ndani ya bati la biskuti, nikakifunika, nikalichimbia waya ardhini nyuma ya jiko. Stesheni zikakata. Radi zikakata. Kikabaki kitu kimoja: "shhhhhh," laini, sawa sawa, kama mvua ya mbali juu ya migomba.

Huo mkwaruzo wa mwisho hauondoki. Mwaka 1928 John Johnson wa Marekani alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba kila kitu kinachopitisha umeme kina mtikisiko wake, kwa sababu elektroni ndani yake hazitulii, zinacheza kwa joto. Harry Nyquist akatoa hesabu yake mwaka huo huo. Ili kuunyamazisha kabisa ungepaswa kuondoa joto lote. Nilijaribu hata hilo, kwa kiwango cha mnyonge: usiku wa baridi yetu nikakitoa nje, nyuzi 10, nikalinganisha na jikoni penye nyuzi 25. Kwa hesabu inayoanzia kwenye baridi ya mwisho kabisa hizo ni 283 na 298, tofauti ya asilimia 5 tu. Sikio langu halikuweza kuitofautisha. Nilikaa pale nje nimejifunga blanketi nikafikiri kwamba waya huu mfupi haujawahi kunyamaza hata siku moja tangu uvutwe kiwandani, ila hapakuwa na mtu wa kuusikiliza.

Ndani ya "shhh" ile, kwenye kinasa sauti cha kaseti, sikupata mtu. Majuma sita. Nilichoka. Ikatokea usiku mmoja kaseti imenaswa, nikachukua simu ndogo ya zamani niliyokuwa nimeitengeneza dukani, nikarekodi mkwaruzo ule kwa hiyo.

Nikasikia: "Zima redio."

Niliisikia kwa Kiswahili safi, haraka haraka, kwa ukali kidogo, kama baba alivyokuwa akisema tukilala tumeiacha inanguruma na kula mawe, yaani betri, bure. (Mawe yalikuwa ghali. Yakiisha nguvu tuliyaanika juu ya bati siku nzima ili yapate usiku mmoja zaidi.) Nililia. Sioni haya kuliandika hilo. Nililia, nikaicheza mara 30, na kila mara ilisema vile vile.

Asubuhi nilimpa mama yangu asikilize, bila kumwambia kitu. Mama ni Mnyakyusa wa zamani, Kiswahili alikijulia ukubwani. Aliweka spika sikioni, akainamisha kichwa. "Anashukuru," akasema. "Anasema ndaga." Nikampelekea mama mdogo wa jirani, Mhehe aliyeolewa huku kutoka Kalenga. Alisikiliza, akacheka, akaitikia kabisa kama mtu aliyesalimiwa: "Kamwene! Nani huyo?" Kipande ni kile kile, hakifiki sekunde mbili. Mtoto wa dada yangu, wa darasa la sita, nilimwuliza anasikia nini, akasema maji yanamwagika. Nikamwambia sikiliza tena, anasema "zima redio". Macho yakamtoka. "Ee! Kweli!" Na tangu hapo mtoto yule hawezi tena kuyasikia maji.

Nilirudi kwa Raudive nikiwa na jicho jingine. Wanaomwamini na wasiomwamini wanakubaliana juu ya jambo moja: sauti zake zilichanganya lugha. Katika sentensi moja neno la Kilatvia, la Kijerumani, la Kirusi, la Kiswidi. Yeye aliona ndiyo alama ya wafu, kwamba huko waliko wanafupisha na kuchanganya. Lakini hizo zilikuwa lugha za Raudive mwenyewe. Wafu wa Ulaya nzima walikuja kwake na hakuna aliyemsemesha Kinyakyusa.

Halafu nikatafuta kwa nini kaseti ilikaa kimya majuma sita na simu ikasema usiku wa kwanza. Jibu lilikuwa kwenye kazi yangu mwenyewe. Simu ndogo za zamani hurekodi kwa mfumo wa kubana sauti uitwao AMR, uliotungwa kwa ajili ya mazungumzo. Mfumo ule hauhifadhi wimbi kama lilivyo. Unaikata sauti vipande vya milisekunde 20, na kwa kila kipande unafanya kana kwamba kimetoka kwenye koo la mtu, kisha unahifadhi jinsi koo na mdomo vilivyokaa ili kutoa sauti ya hivyo. Ukiupa maneno, unarudisha maneno. Ukiupa "shhh" ya elektroni, unafanya kazi ile ile kwa uaminifu: unautafutia mkwaruzo mdomo. Kisha kipande hicho chenye umbo la mdomo kinafika kwenye sikio la mtu aliyefiwa, na sikio linamalizia.

Sikio ni fundi mkubwa kuliko wote. Mwaka 1970 mtafiti Richard Warren wa Marekani alikata herufi moja katikati ya neno lililorekodiwa, mahali pake akaweka kikohozi. Wasikilizaji walisikia neno zima, na hawakuweza kusema ni wapi palipokatwa. Mwaka 2001 watafiti wa Uholanzi waliwasikilizisha wanafunzi 44 mkwaruzo mtupu kwa dakika tatu, wakawaambia huenda wimbo maarufu wa Krismasi ukasikika kwa chini humo ndani. Wimbo haukupigwa hata mara moja. Wanafunzi 14 waliusikia. Hao hawakuwa wamefiwa na yeyote. Walikuwa wameambiwa tu.

Nilimweleza mama yote haya, polepole, jikoni, akichambua maharage. Nilidhani atahuzunika. "Mimi nilishakuambia," akasema. "Waliotangulia hawana shida ya redio. Wakikutaka wanakuja ndotoni, au wanamlaza mtoto kitandani hadi uulize kuna nini. Redio ilikuwa ya kutuambia nani amekufa." Ni kweli. Enzi zile saa ya matangazo ya vifo baba aliacha kuchomelea. Kibanda kizima kilinyamaza, na watu waliokuwa wanapita barabarani walisimama nje wakasubiri jina la mtu wao lisitajwe.

Akanyanyuka, akaenda chumbani, akarudi na kaseti. Ilikuwa ya dukani, ile baba aliyojaribia vinasa sauti vya wateja, imerekodiwa juu ya rekodi juu ya rekodi. Vinasa vya bei ndogo hufuta kwa sumaku dhaifu, na rekodi ya zamani hubaki chini yake kama maandishi ya penseli yaliyofutwa vibaya. Niliisikiliza yote, pande mbili. Dansi, taarifa ya habari, dansi, kimya. Na ndani ya kimya cha upande wa pili, chini kabisa: "Moja, mbili. Moja, mbili. Haya." Kikohozi. Kitufe kinabonyezwa.

Hii haikuwa elektroni. Hapo mtu alisimama mbele ya maiki, akavuta pumzi.

"Baba," nikasema.

Mama alisikiliza mara mbili. Akatikisa kichwa. "Huyo si baba yako. Huyo ni yule kijana aliyekuwa anajifunza kazi kwake, yule wa Kiwira. Baba yako hakuwa anasema 'haya'."

Sijui nani kati yetu yuko sahihi. Yule kijana wa Kiwira naye ameshafariki. Kaseti imerudi kwenye kopo.

Kilichobaki ni yule mama wa simu. Nilikuwa na kipande cha sekunde mbili mfukoni. Nilijua, kwa uhakika ambao sijawahi kuwa nao juu ya kazi yoyote, kwamba nikimpa spika ya sikioni na kumwambia "ni yeye," angemsikia. Angemsikia anamwita, tena vizuri, tena kila siku, mpaka afe. Nililala na jambo hilo usiku mwingi. Nawafahamu watu wanaouza vitu vya namna hiyo kwa waliofiwa, kwa maombi au kwa dawa, na nimewahi kuwahukumu. Usiku ule nilielewa kwamba wengine kati yao huenda walianza kwa huruma tu. Nilikifuta kile kipande. Na cha "zima redio", maana kilikuwa ni hicho hicho, kiliondoka nacho.

Alipokuja, mwezi wa tano, nilimwambia hewani sikumpata. Nikamwambia na niliyemsikia, na kwa nini. Alisikiliza hadi mwisho. Ndipo nikamwuliza swali ambalo ningemwuliza siku ya kwanza kama nisingekuwa nimeinamia ile memori iliyopasuka: kijana alikuwa anamtumia nani meseji za sauti? Yeye mwenyewe ana kitochi cha kubonyeza, hajawahi kupokea meseji ya sauti maishani. Lakini sauti ukiituma haibaki kwako peke yako. Inakaa kwenye simu ya uliyemtumia.

Tulipiga simu kwa shangazi yake kijana, Makambako. Akasema subiri. Baada ya robo saa meseji iliingia kwenye simu yangu. Sekunde 11. Niliweka sauti juu, nikaisogeza katikati ya meza.

"Shangazi, nimepanda, tuko njiani, ila gari linajaza kila kituo. Usinisubiri kula." Nyuma yake kondakta anagonga bodi, mtoto analia, injini inavuta mlima. Amemaliza kusema, lakini kidole hakijaachia kitufe, na kwa sekunde tatu za mwisho ni gari tu.

Alisikiliza akiwa ameshika ukingo wa meza. Nilimrudishia, akasikiliza tena. Mara ya tatu aliniomba nipeleke mbele kidogo, nipite pale anaposema, nifike pale aliponyamaza. Akainamisha sikio hadi karibu na spika.

"Hapa," akasema. "Anapumua."